Usiniulize Mandolini Itanilipa Lini

Kila nikitoa mandolini mbele ya watu, swali la kwanza ni lile lile: "Hiyo itakulipa?" Hawaulizi ni kitu gani. Hawaulizi inalia vipi. Shangazi yangu ameuliza. Kinyozi wangu ameuliza akiwa ameshika mashine kichwani mwangu, kwa hivyo ilibidi nijibu kwa adabu. Jamaa mmoja tuliyeanza naye kampasi, ambaye yeye alimaliza na bado anazungusha CV mjini, pia ameuliza, tena kwa sauti ya huruma.

Nawaelewa. Mimi ni kijana wa miaka 22, niliacha chuo mwaka wa 2, na kodi ya nyumba naipata kwa kutengeneza video za simu. Mtu akinipata nimekaa na kigitaa cha nyuzi 8 nikipiga muziki wa Ireland, si ajabu akishuku kuna nati imelegea mahali. Ndiyo maana leo naandika badala ya kurekodi. Haya maneno hayaingii kwa sekunde 60.

Msimamo wangu ni huu: kijana wa Nairobi anafaa kuwa na angalau kitu kimoja kigumu anachojifunza bila cheti, bila soko na bila haraka. Changu ni hizi ngoma. Wacha nikueleze ni nini kwanza, maana ukielewa ugumu wake ndipo utaelewa ubishi wangu.

Ngoma zenyewe

Nasema "ngoma" makusudi. Kwa Kiswahili hilo neno ni chombo, ni wimbo, ni densi, vyote kwa pamoja. Muziki wa asili wa Ireland na Scotland uko hivyo hivyo. Ulitengenezewa miguu. Watu walikutana jikoni kwa mtu au njia panda, mmoja ana fidla, wengine wanacheza mpaka vumbi linapanda. Kwa hivyo kila aina ya muziki inabeba jina la densi yake.

Kuna jigi, unaihesabu moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, noti 6 kwa kila kipimo. Kuna honipaipu, ambayo inatembea kama mtu anayechechemea kwa maringo. Kuna polka, ambazo zimeshika sana kusini-magharibi mwa Ireland, mpakani mwa Cork na Kerry. Scotland wana strathspey, yenye noti fupi inayoirukia noti ndefu kama mtu anayeruka mtaro. Halafu kuna rili. Rili ndiyo imenikalisha chini.

Hebu tupige hesabu. Ngoma nyingi za aina hii zina sehemu mbili. Kila sehemu ina vipimo 8, na kila sehemu unaipiga mara mbili. Jumla vipimo 32. Rili ikijaa ina noti 8 kwa kila kipimo, yaani 256 kwa mzunguko mmoja. Sasa weka metronomu ya simu kwa 112, kila mlio ubebe noti 4. Huo ni mwendo wa watu waliozoea. Mzunguko mzima unaisha kwa sekunde 34 hivi. Ni zaidi ya noti 7 kila sekunde.

Na huko kwao hawapigi mara moja wakaacha. Kawaida ngoma inazungushwa mara 3, halafu wanaruka kwa nyingine bila kusimama, halafu nyingine. Ngoma 3, mara 3 kila moja: ni noti zaidi ya 2,300 kwa dakika 5, na hakuna pa kupumulia. Ukipotea katikati, wenzako hawakungoji. Unatulia, unasikiliza, unadandia tena wakifika mahali unapopajua, kama matatu iliyopunguza mwendo bila kusimama stejini.

Mbona mandolini na si fidla

Kwanza, bei. Mandolini yangu niliinunua kuukuu kwa elfu 9, na ilikuwa na ufa mdogo mgongoni ambao haudhuru kitu. Pili, na hii ndiyo siri, mandolini na fidla zimefungwa nyuzi kwa sauti zile zile: G, D, A, E, kutoka nene hadi nyembamba. Tofauti ni kwamba kwa mandolini kila sauti ina nyuzi mbili mbili, ndiyo zinakuwa 8. Kwa hivyo ngoma yoyote aliyoitunga mtu wa fidla huko Sligo au Donegal inakaa chini ya vidole vyangu vile vile ilivyokaa chini ya vyake. Hakuna kutafsiri.

Mandolini yenyewe si ya Ireland. Ni ya Italia, na mji wa Naples ndio ulioipa umbo lake maarufu katika karne ya 18. Kwa muziki wa Ireland iliingia kama mgeni, ikakaribishwa. Watu kama Andy Irvine wa bendi ya Planxty, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliifanya ionekane ni mtoto wa nyumbani. Hilo lilinipa moyo. Chombo chenyewe kilifika kikiwa hakijui mtu.

Lakini kuna shida, na ndiyo inayofanya kazi iwe kazi. Mwenye fidla ana upinde. Kwa mvuto mmoja anaweza kubeba noti 3 au 4, mkono wake ukienda taratibu huku vidole vikikimbia. Mimi nina piki, kile kiplastiki cha pembe tatu. Piki haina mkopo. Kila noti inalipiwa pigo lake, taslimu. Tena sauti ya mandolini inakufa upesi: ukiipiga, inalia, imeenda. Fidla inaweza kuvuta noti mpaka ikapendeza. Mimi nikichelewa kidogo tu, shimo linasikika.

Hata mapambo inabidi yabadilike. Watu wa fidla wana kitu wanaizungushia noti moja, wanaigusa ya juu, wanairudia, wanaigusa ya chini, wanarudi tena, noti 5 kwa pumzi moja. Kwa mandolini hiyo inageuka matope. Kwa hivyo wapigaji wengi wa mandolini na banjo wanapiga tatu za haraka kwa noti moja, trrr, kwa nafasi ya noti mbili. Ni kitu kidogo sana kwa masikio. Kilinichukua miezi 4.

Mambo ya nyuzi, kwa ufupi kwa mwenye nia

Nyuzi za mandolini Nairobi ni za kutafuta kwa tochi. Ukizipata, bei inakukata. Nilichojifunza ni kwamba uzi mwembamba kabisa wa gitaa, ule wa 010, una unene ule ule wa uzi wa juu wa mandolini. Tofauti iko mwishoni: uzi wa gitaa una kishanga cha chuma, wa mandolini una kitanzi. Unakivunja kile kishanga kwa koleo, polepole, kitanzi kinabaki, unavalisha kwenye ndoano. Kazi imeisha. Vaa kitu machoni, uzi ukichomoka hauna rafiki.

Kasi haifundishwi kwa kasi

Hapa ndipo watu wa rika langu tunapotofautiana nao hawa wazee wa rili. Sisi tumekulia kwenye "jifunze kwa siku 7". Mimi mwenyewe nimetengeneza video za namna hiyo, na zinatazamwa.

Rili haikubali. Sababu ni ya mwili kabisa. Ukipiga kitu haraka kuliko unavyokiweza, misuli inakaza. Kiganja kinakaza, kidole gumba kinabana shingo ya mandolini, piki inazama ndani sana ya nyuzi na kukwama. Na mkono haujui lipi ni kosa na lipi ni zoezi. Unakariri ulichorudia. Ukirudia mkazo mara 100, umejifunza mkazo.

Kwa hivyo utaratibu wangu ni huu. Kwanza nasikiliza, siku mbili au tatu, bila kugusa chombo. Nikiwa kwa matatu, nikiosha vyombo. Naiimba kwa mdomo, di-ri-di-ri-dam, mpaka naweza kuimaliza bila kusita. Ireland kwenyewe wana desturi hiyo ya kuimba ngoma kwa mdomo bila maneno, na zamani, kama hakukuwa na chombo, watu walichezea sauti tu. Ukishaijua kwa mdomo, vidole vina mtu wa kumfuata.

Pili, naanza na metronomu kwa 60. Kwa 60 rili haina utamu wowote. Inasikika kama mtu anayesoma barua ya korti. Lakini hapo naona kila kitu: kidole gani kinaruka juu sana bila sababu, piki inaenda wapi. Kwa rili, piki ni chini-juu, chini-juu, haibadiliki hata uzi ukibadilika. Kwa jigi ni chini-juu-chini, chini-juu-chini, ili kila kundi la noti 3 lianze kwa pigo zito la chini. Maana yake kuna chini mbili zinafuatana, na mkono wa mtu aliyezoea gitaa unalikataa hilo kwa nguvu zote. Unaubembeleza.

Tatu, nagawanya. Vipimo viwili viwili. Kuna rili inaitwa "Drowsy Maggie", wengi huanza nayo, na mwanzo wake tu unakurusha kati ya uzi wa D na uzi wa A, kwenda na kurudi. Vidole vya kushoto havina kazi kubwa hapo. Mkono wa piki ndio unaoteseka. Hivyo vipimo viwili vya kwanza nilikaa navyo wiki 3.

Nne, naongeza 4 tu. Kutoka 60 hadi 64, hadi 68. Nikikwama mara mbili mahali pamoja, narudi nyuma 8 bila kujitukana. Dakika 40 asubuhi kabla mtaa haujaamka vizuri.

Kusema kweli mtaa huwa umeamka. Naishi Zimmerman, chumba kimoja, ghorofa ya 3, na ukuta wetu unapitisha hata kikohozi. Mama wa mlango wa pili hajawahi kuniambia nanyamaze. Siku moja tulikutana kwa ngazi, kila mtu na mtungi wake wa maji, akaniambia, "Wewe kijana, leo umepita pale pako." Nikamuuliza wapi. Akanihummia kidogo, mtungi ukiwa begani, mahali hasa nilipokuwa nakwama tangu Januari. Huyu mama hajui Ireland iko wapi kwa ramani na hana haja. Nikamwambia, "Asante, mathe." Hakuna alama niliyowahi kupewa chuoni iliyonifurahisha hivyo.

"Lakini huo si muziki wetu"

Hili nalo naambiwa. Ati niache mambo ya wazungu nijifunze vyetu. Nina majibu matatu.

La kwanza: hizi ngoma zimekuwa zikisafiri na kufundishwa kwa mbali kwa zaidi ya miaka 100. Kuna mtu anaitwa Francis O'Neill, alizaliwa Cork mwaka wa 1848, akatoka nyumbani akiwa kijana kwenda baharini, akaishia Marekani, na kutoka 1901 hadi 1905 alikuwa mkuu wa polisi wa Chicago. Kazi ya mchana ilikuwa polisi. Lakini muda wake mwingine aliutumia kuwasaka wahamiaji wa Ireland waliobeba ngoma kichwani, wengine wakiwa maaskari wenzake, na kuhakikisha zinaandikwa. Aliyeziandika kwa noti alikuwa polisi mwingine, James O'Neill, ambaye hata hawakuwa ndugu. Mwaka wa 1903 akachapisha kitabu chenye ngoma 1,850. Mpaka leo watu wanakitumia.

Halafu kuna Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyehamia New York. Sahani alizorekodi huko miaka ya 1920 zilisafirishwa kurudi Ireland, na watu wa nyumbani wakakaa kando ya gramafoni wakimwiga mtu aliye ng'ambo ya bahari. Sasa niambie, mimi na simu yangu na bando la usiku tuna tofauti gani nao?

La pili: mandolini ndiyo iliyonipeleka kwa vyetu. Nilikuwa najua benga kama muziki wa wazee kwenye harusi. Siku nilipoanza kusikiliza vile gitaa la benga linavyokimbia noti moja moja, na kujua kwamba mwendo wake unafuata nyatiti, nilibaki mdomo wazi. Tena tuna fidla zetu. Waluo wana orutu, uzi mmoja na upinde. Wakikuyu wana wandindi, uzi mmoja na upinde vile vile. Sikufundishwa haya shuleni. Niliyafikia nikipitia Ireland, na sioni aibu kuzunguka mbali ili nifike nyumbani.

La tatu ni kuhusu Iten. Mwaka wa 1976 mwalimu mmoja kutoka Ireland, Bradha Colm O'Connell, alikuja kufundisha jiografia katika shule ya upili ya St. Patrick's. Hakuja kama kocha wa riadha. Alianza kwa kuangalia vijana wakikimbia, akajifunza hapo hapo, akabaki. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, ambaye London 2012 alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Hakuna Mkenya aliyemuuliza Bradha Colm kwa nini hakukaa na michezo ya kwao. Na ukifika Iten alfajiri, utawaona mabingwa wakianza mbio zao nyepesi polepole kiasi kwamba unaweza kuwafuata ukiwa na mkoba. Wale ndio wenye kasi kuliko wote duniani, na hawaogopi kuonekana wakienda taratibu.

Elfu 18

Sasa tuingie kwa pesa, kwa sababu najua ndiyo ulikuja kusoma.

Mwaka huu biashara moja ya kuuza intaneti ya nyumbani iliona video yangu nikipiga jigi. Wakaniandikia. Walitaka tangazo: kijana, mandolini, vidole vinaruka kama umeme, halafu maneno kuhusu intaneti ya kasi. Malipo, elfu 18. Kodi yangu ni elfu 7 na mia 5. Piga hesabu mwenyewe.

Walitaka kwa siku 5. Nikawarekodia rili safi kwa 88, kila noti imekaa pahali pake. Nikatuma. Majibu yakaja: imetulia sana, tunataka kasi ya kushangaza. Nikawaeleza kwamba huo ndio mwendo wangu wa kweli kwa sasa. Yule dada wa mauzo, kwa upole kabisa, akaniandikia kwamba si lazima nihangaike, niongeze tu mwendo wakati wa kuhariri.

Na alikuwa sawa kwamba ni rahisi. Kutoka 88 hadi 112 ni kuzidisha kwa 1.27. Programu ya simu inaongeza mwendo na kuacha sauti pale pale, hata mtu wa muziki angehitaji kuangalia mara mbili. Ni kazi ya dakika moja.

Nilikataa. Nikawapa wazo lingine, tuonyeshe safari yenyewe kutoka 60 hadi nilipo. Hawakulitaka. Tukaagana vizuri, na elfu 18 ikaenda zake.

Usinione mtakatifu. Mimi kuhariri ndiyo kazi yangu. Nakata, napaka rangi, nafuta vikohozi, naweka muziki mahali ambapo hapakuwa na muziki. Sina dini dhidi ya hilo. Lakini acha nikuambie kwa nini hapo niliweka mguu chini.

Nilipokuwa chuoni, alama zangu za masomo 3 hazikuonekana kwenye mfumo. Nilikuwa nimekaa kwenye mitihani hiyo, nikasaini karatasi ya mahudhurio, nikaandika mpaka kengele. Nikatumwa ofisi hii, nikatumwa ofisi ile, nikaandika barua, nikaambiwa ngoja. Semesta mbili nikingoja. Kwa karatasi yao mimi sikufanya mtihani. Wakati huo karo ilikuwa imeruka, na nyumbani kulikuwa na wadogo zangu wawili wanaohitaji shule. Nikafanya hesabu, nikatoka. Najua wengi wenu mnaosoma hapa mmepitia hilo la alama kupotea, wengine mko ndani yake sasa hivi.

Kwa hivyo nimeshaonja jinsi inavyokuwa kufanya kazi halafu karatasi iseme hukufanya. Tangazo lile lingekuwa kinyume chake: karatasi inasema nimefanya, na sijafanya. Kwangu yote mawili yana ladha moja. Zile pigo 24 kati ya 88 na 112 ni zangu. Hakuna ofisi inayoweza kuzipoteza, na hakuna programu inayoweza kunipa. Nikifika nimefika, nisipofika metronomu inaniambia papo hapo, bila kunituma dirisha namba 4.

Elfu 18 iliuma. Mwezi huo nililipa kodi kwa awamu mbili na nikala sukuma na ugali mpaka nikajua kila kibanda cha mboga kwa jina. Sikuambii kwamba ulimwengu ulinilipa baadaye. Haujanilipa.

Nini cha kuchukua

Sikuambii uache shule. Kama alama zako zinaonekana na karo iko, kaa, maliza. Wala sikuambii ununue mandolini, ingawa ukinunua niulize kuhusu nyuzi.

Ninachokuambia ni kwamba wengi wetu tuna vipimo vya kuazima. Alama ni za chuo, watazamaji ni wa programu, pesa ni za mteja. Vyote vinaweza kuamka kesho vimebadilika, na havitakuuliza. Mtu anahitaji kipimo kimoja cha ndani. Kiwe ni kuogelea, chesi, kushona, kusoma Kiarabu, kupika biriani ambayo mchele haushikani, chochote, bora kiwe kigumu, bora uweze kujua mwenyewe kama umefika au hujafika. Na usikiharakishe ili kipendeze wengine. Kianze pale unapoona kila kosa lako waziwazi, hata kama kwa wanaopita kinaonekana mchezo wa watoto.

Na usikilipize kodi. Kuna vitu ukivipakia mzigo wa kukulisha kabla havijakomaa vinavunjika mgongo. Video zangu zinanilisha, sawa, kazi ni kazi. Rili nimeiacha ikue.

Kwa sasa niko 96. Kwa 96 kitu fulani kimeanza kutokea ambacho sikukitarajia: noti zimeacha kuwa noti. Wapigaji wa Ireland hawazipigi zote sawasawa kama cherehani. Ya kwanza wanaivuta kidogo, inayofuata inakimbilia nafasi yake, na hapo ndipo mguu unaanza kugonga sakafu bila kuombwa. Huo mvuto nilikuwa nausikia kwa masikio tu. Wiki iliyopita niliusikia kwa mkono, labda kwa vipimo 6, kisha ukapotea.

Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi nautafuta tena. Nitaanzia 72.